Ndani Kuna Nguo Tu

Mwezi wa saba mwaka jana nilimsindikiza mtoto wa dada yangu stendi ya Nanenane, hapa Dodoma. Alikuwa amemaliza mwaka wa tatu Chuo Kikuu cha Dodoma. Yeye mwenyewe alikuwa anapitia Dar es Salaam kwenye usaili, begi lake kubwa litangulie Bukoba kwa basi, mama yake alipokee. Ukifika stendi siku zile wanafunzi wanapofunga chuo, utakuta magodoro yamekunjwa na kufungwa kamba, ndoo zimejazwa vyombo, mabegi yamevimba mpaka zipu zimekataa. Kila mmoja anataka mzigo wake uondoke leo.

Kijana wa ofisi ya vifurushi alichukua peni, akauliza bila kuinua macho, "Ndani kuna nini?"

"Nguo tu, kaka."

Akaandika "nguo". Halafu akalinyanyua begi kulipeleka kwenye mzani, likagonga ukingo wa meza. Kilisikika chuma. Kijana akalishusha polepole, akamtazama mwanangu, akasema, "Dogo, fungua."

Ulikuwa mtungi wa gesi, ule mdogo wa kilo 6, umeviringishwa blanketi. Jiko lake la juu lilikuwa limefunguliwa na kuchomekwa ndani ya sufuria, pembeni.

"Lakini ni mtupu," mwanangu akajitetea. "Gesi iliisha tangu wiki ya mitihani."

"Mtupu kwa kupikia," kijana akajibu. "Kwa kulipuka bado haujawa mtupu."

Nimekuwa nikituma na kupokea mizigo ya basi kwa miaka zaidi ya ishirini, na sikuwahi kumsikia karani akisema neno zito kama lile. Tena alikuwa sahihi kabisa. Jiko likizimika kwa gesi kuisha, kilichokwisha ni ile gesi ya kimiminika iliyokuwa inasukuma. Mvuke unabaki ndani ya mtungi. Vali ikilegea kidogo, mvuke huo unatoka taratibu, na kwa kuwa gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, haipandi juu ikapotea. Inatulia chini, inajikusanya. Buti la basi limefungwa, lina nyaya za taa, lina joto la injini, na safari ya kwenda Bukoba ni ya mchana kutwa na zaidi. Gesi ile haihitaji kujaa: sehemu mbili hivi katika mia za hewa zinatosha kushika moto. Juu ya buti wamekaa watu na watoto wao.

Mtungi tulirudi nao nyumbani Nkuhungu. Njia nzima mwanangu alikuwa kimya, nami nilikuwa kimya zaidi yake, kwa sababu kuna jambo la mwaka 2014 lilikuwa limenirudia. Nitalisimulia.

Kwanza nimelifikiria sana jibu lile la "nguo tu". Halitoki kwenye nia mbaya. Kwetu, swali la "ndani kuna nini" pale dirishani limekuwa kama "habari za asubuhi". Hata aliyeamkia msibani atajibu "nzuri" kwanza, halafu ndipo aseme yaliyomkuta. Pale kwenye vifurushi hiyo "halafu" haipo. Karani ameshaandika, risiti imeshatoka, begi limeshaingia buti.

Na vitu vinavyokatazwa si vya ajabu kama watu wanavyodhani. Umoja wa Mataifa umegawa shehena za hatari katika makundi 9, na orodha za wasafirishaji wengi duniani, wa anga, wa majini na wa barabarani, zimetoka humo: vilipuzi, gesi, vimiminika vinavyoshika moto, vitu vikavu vinavyoshika moto, vinavyochochea moto wa vingine, sumu na vya kuambukiza, vyenye mionzi, vinavyounguza, na kundi la mwisho la mengineyo. Ukisoma hivyo utadhani ni habari za kiwandani. Sasa ingia chumbani kwako uangalie. Kiberiti. Pafyumu. Rangi ya kucha na ile dawa ya kuifutia. Dawa ya mbu ya kupuliza. Jiki ya kufulia. Dawa ya panya. Hiyo ni nyumba ya mtu wa kawaida ambaye hajawahi kukanyaga kiwanda.

Kwa sisi wa mikoa hii ya kati naongeza kimoja ambacho kinanikosesha raha kila mwisho wa mavuno: vidonge vya kufukizia mahindi. Mkulima wa Kongwa au Kiteto anaweka vidonge ndani ya kiroba ili wadudu wasile akiba yake, na ana haki ya kulinda jasho lake. Lakini vidonge vile hufanya kazi kwa kutoa gesi ya fosfini vikipata unyevu wa hewani, na gesi hiyo haichagui kati ya fukusi na mtu. Kiroba kinatakiwa kikae kwenye ghala lililofungwa, watu wakiwa nje. Sasa mtu anakifunga jioni, asubuhi anampelekea mwanawe aliyepanga chumba kimoja Dodoma mjini, na mtoto anakiweka chini ya kitanda. Au kinapakiwa kwenye kosta, nyuma ya kiti cha mwisho, vioo vimefungwa kwa sababu ya vumbi. Ukimuuliza ndani kuna nini atakwambia mahindi, na atakuwa hajasema uongo. Ndiyo maana naona swali lenyewe halitoshi. Karani angeuliza, "Umeweka dawa lini?"

Petroli sitaisemea sana. Wasafiri wa Dodoma tunaokwenda Dar kwa basi tunapita Msamvu, Morogoro. Agosti 10, 2019 lori la mafuta lilipinduka pale, watu wakasogea kuchota, likalipuka. Walikufa zaidi ya watu 100. Baada ya hapo sielewi mtu anawezaje kuficha dumu la lita 5 chini ya viazi.

Betri ndiyo inayotaka maneno mengi, kwa kuwa kila mtu anayo na hakuna anayeiogopa. Binti ya jirani yangu alipokuwa anamaliza masomo Uingereza aliamua kulituma sanduku lake kupitia kampuni zinazochukua mizigo mlangoni kwako na kuifikisha mlangoni mwa mwingine. Alinitumia orodha ya vilivyokataliwa, analalamika: pafyumu mbili, rangi za kucha, kopo la dawa ya nywele, na pawabenki. "Mama, mbona nilipokuja huku nilikuwa na pafyumu kwenye sanduku la ndege na hakuna aliyenigusa?"

Swali zuri, na jibu lake wengi hatulijui. Sanduku linalosafiri pamoja na mwenyewe ni mzigo wa abiria. Sanduku lilelile likisafiri peke yake ni shehena. Sheria zake ni nyingine. Abiria wa ndege anaruhusiwa kuweka pafyumu na vipodozi vya namna hiyo, kila chupa isizidi nusu lita na vyote pamoja visizidi lita 2. Shehena haina mwenyewe wa kuulizwa. Inapita mikono ya watu ambao hawajui kilichomo, inatupwa, inalaliwa na masanduku mengine. Na pafyumu sehemu yake kubwa ni spiriti, ambayo mvuke wake unaweza kushika moto hata kwenye joto lisilofika digrii 20. Chupa ikipasuka kwenye giza la ghala, aliyepo pale hajui kwamba kuna kitu cha kuogopa.

Pawabenki ni kinyume chake, na hapa ndipo watu wanapochanganyikiwa. Ndege wanataka uingie nayo ndani, kwenye mkoba, isiwekwe kwenye sanduku la chini. Betri ya lithiamu ikipondwa, ikitobolewa au ikiwa mbovu tangu kiwandani, inaanza kujipasha joto yenyewe. Betri ina vyumba ndani yake; joto la chumba kimoja linaamsha cha jirani yake, nacho kinaamsha cha tatu, na hewa ya kuzimia moto inayopulizwa kwenye matumbo ya ndege haiwezi kuukata mnyororo huo. Ikitokea karibu na abiria, mtu anaona moshi, anaita, wanamwagia maji. Ikitokea chini hakuna wa kuona. Septemba 3, 2010 ndege ya mizigo aina ya Boeing 747 iliyotoka Dubai kuelekea Ujerumani ilishika moto ikiwa imebeba betri za lithiamu kwa wingi. Marubani wake wawili walijaribu kurudi. Hawakufika. Tangu Aprili 2016 betri za lithiamu za kuchajiwa zinazosafirishwa zenyewe, bila kuwa ndani ya kifaa, haziruhusiwi kama shehena kwenye ndege za abiria.

Kipimo chake unaweza kukipiga mwenyewe ukiwa umekaa kitandani. Geuza pawabenki, soma maandishi madogo mgongoni. Ikiwa imeandikwa 10,000 mAh, zidisha kwa volti 3.7, gawanya kwa 1,000, unapata wati-saa 37. Ya 20,000 ni 74. Mpaka 100 unapanda nayo bila kuomba ruhusa. Kati ya 100 na 160 unawaomba ndege kwanza. Ile ya 30,000 inayouzwa kwa sifa kwamba inachaji wiki nzima inafika 111. Na kama mgongo wake hauna maandishi, au yamefutika, ujue mkaguzi ana haki ya kukunyima hata kama ni ndogo.

Sasa niseme la 2014.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa mtu wa Mvumi. Mwaka 1987 mjomba alinunua redio kaseti ya kurekodi, akaenda nayo nyumbani likizo, akamrekodi bibi kaseti tatu. Bibi aliimba nyimbo za kutwanga uwele, akasimulia njaa alizoziona, akataja majina ya wazee wa ukoo mmoja baada ya mwingine mpaka pale kumbukumbu yake ilipoishia. Alifariki miaka michache baadaye. Picha yake tunayo moja, imepigwa kwenye jua, uso hauonekani vizuri. Sauti ilikuwa kwenye kaseti zile.

Mbili zilikuwa kwangu, ya tatu kwa mjomba. Kaka yangu aliyeko Dar akapata fundi Kariakoo anayehamisha kaseti kwenye kompyuta. Akanipigia, "Dada, zitume leo, mtu mwenyewe ana foleni." Nilizifunga kwenye kanga ya bibi, ile aliyoiacha, nikaziweka kwenye boksi la viatu, nikazungushia soltepu mara nyingi. Stendi ile ya wakati huo, dirisha dogo, jua la saa saba.

"Ndani kuna nini, dada?"

"Kaseti mbili na kanga."

"Thamani yake?"

Nilisita. Nikakumbuka bei ya kaseti tupu dukani, nikakumbuka bei ya kanga iliyochakaa. Nikasema, "Andika elfu kumi."

Akaandika elfu kumi.

Kesho yake jioni kaka alinipigia akasema boksi limelowa na lina harufu kali. Kuna mtu alituma betri ya pikipiki ikiwa na maji yake, ameificha katikati ya kiroba cha unga. Kwenye risiti yake ilikuwa imeandikwa "unga". Kiroba kilipangwa juu ya boksi langu, kikalala ubavu, na tindikali ikashuka usiku kucha.

Kaka hakutaka kunieleza kwa simu. Alikuja nalo boksi mwisho wa wiki. Kanga ilikuwa imekauka na kukakamaa. Kwa macho ilikuwa bado kanga, maua yake yanaonekana, maandishi yanasomeka. Nilipoikunjua ikakatika kwenye mikunjo, vipande vikaangukia mapajani. Skrubu ndogo za kaseti zilikuwa zimeota kutu, na kile kijipamba kinachosukuma mkanda kilikuwa kimeyeyuka. Nikauvuta mkanda kwa ukucha. Ulikuwa umegandana, na kila nilipouachanisha ile rangi ya kahawia ilibanduka, nyuma yake inabaki plastiki inayopitisha mwanga. Fundi alinieleza baadaye kwamba sauti inakaa kwenye rangi ile, ni unga wa chuma uliopakwa juu ya plastiki. Siku ile sikujua. Nilienda kunawa mikono.

Ofisi ilitulipa baada ya wiki mbili. Elfu kumi, sawasawa na risiti. Nilikuwa nimekwenda pale nimejiandaa kugombana, nikakosa pa kuanzia, maana bei niliitaja kwa mdomo wangu. Aliyeficha betri sikumjua wala sikumwona. Nimemkasirikia miaka mingi. Lakini ukiondoa betri, bado kulikuwa na ajali, na wezi, na boksi kushushwa Gairo kwa makosa, na mvua. Kaseti zile hazikupaswa kuwa kwenye buti.

Ndiyo maana ninaposoma orodha za vitu visivyotumwa, macho yangu yanapita haraka kwenye baruti na kwenda chini, kwenye sehemu ambayo wengi wanaona ni urasimu: pesa taslimu, pasi ya kusafiria, vito, hati. Mtu anauliza, pasi ya kusafiria inalipuka? Hailipuki. Msafirishaji anakataa kwa sababu ikipotea hana namna ya kukurudishia. Orodha iliyonigusa kuliko zote ni ya Japani. Kule kampuni ya Yamato ilianzisha mwaka 1976 huduma ya kuchukua vifurushi nyumba kwa nyumba, na leo msafiri wa kule anatuma sanduku lake litangulie hotelini au uwanja wa ndege, yeye anatembea mikono mitupu. Katika vitu wasivyopokea wametaja wanyama hai, silaha na vya kulipuka kama wengine. Wametaja pasi za kusafiria na kadi za kuingilia chumba cha mtihani. Halafu wametaja mifupa ya marehemu iliyochomwa, na vibao vya kuwakumbuka wafu vinavyowekwa nyumbani. Na miswada, michoro, kanda na filamu ambazo haziwezi kutengenezwa upya.

Kanda. Nilisoma mstari ule usiku, nikaamka nikakaa.

Kuhusu mifupa nilielewa mara moja bila kufafanuliwa. Kwetu marehemu akisafirishwa kwenda kuzikwa kwao, watu wanapanda gari pamoja naye, wanaimba njia nzima. Hakuna ambaye angemkatia risiti akabaki. Wajapani wameliandika tu kwenye karatasi.

Posta nazo zina mambo yake. Umoja wa Posta Duniani, ulioanzishwa Bern mwaka 1874, unakataza wanyama hai ndani ya barua na vifurushi, lakini umeacha mlango kwa wachache: nyuki, ruba, viwavi vya hariri. Niliposoma hilo niliwaza wafuga nyuki wa Manyoni na Itigi. Sheria za posta zinamruhusu nyuki asafiri, ila noti ya elfu kumi ndani ya barua isiyo na bima hairuhusiwi. Nimeipenda sheria hiyo. Imetungwa na watu waliokaa wakatafakari kila kitu kinaweza kufanya nini njiani na nani ataumia.

Vyakula navyo vinawatoa watu machozi uwanja wa ndege, hasa kina mama wanaowapelekea watoto. Nchi za Umoja wa Ulaya haziruhusu nyama wala maziwa kutoka kwetu kwenye mzigo wa abiria au kifurushi, na humo ndani mna samli yako na nyama yako ya kukausha. Matunda, tangu Desemba 2019, yanataka cheti cha afya ya mimea isipokuwa matano: nanasi, nazi, durian, ndizi na tende. Zabibu haimo. Kwa hiyo kile kikapu cha zabibu ulichonunua kwa upendo ili mwenyeji wako wa Ujerumani aonje cha Dodoma, kitaishia kwenye pipa la forodha kama hukupita kwa watu wa afya ya mimea kwanza. Chukua divai badala yake. Hiyo kwa ndege haina tatizo la moto, kwa kuwa masharti ya kilevi yanaanza kuuma kuanzia asilimia 24. Ifungie vizuri tu, na uangalie nchi unayokwenda inaruhusu chupa ngapi.

Kuna vingine ambavyo mtu anaweza kuingia navyo matatani bila kujua ametenda kosa. Yai la mbuni uliloliokota porini, ganda la kakakuona alilokuachia babu, ngozi ya chatu: hizo ni nyara za serikali, na kuzituma bila kibali ni kesi. Vilevile yale mawe ya kijani ya Haneti, au rubi ya Winza kule Mpwapwa. Mtu anadhani anampelekea rafiki kokoto nzuri. Sheria inaona madini, na madini hayasafiri bila karatasi.

Ninachotaka, na nimekisema mpaka stendi wananijua, ni ukuta. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, inasimamia huduma za vifurushi na imekuwa ikiwataka wenye mabasi wanaobeba vifurushi wawe na leseni. Basi kila dirisha lenye leseni liwe na orodha ukutani, kwa Kiswahili, kwa maneno ya nyumbani: mtungi wa gesi hata mtupu, betri yenye maji, mahindi yenye dawa, petroli, vyeti halisi, kumbukumbu za marehemu. Madirisha mengi niliyopita yana bango moja tu, "Ofisi haitahusika na mzigo ambao haukutajwa." Bango hilo linamlinda mwenye ofisi. Aliyekaa juu ya buti halimlindi. Na swali la thamani liulizwe vizuri zaidi. Yule karani wa 2014 angeniuliza, "Dada, hiki kikipotea, elfu kumi itakirudisha?" ningelichukua boksi langu nikaondoka. Naamini hivyo kabisa.

Mjomba naye alifariki mwaka juzi. Tulipofungua sanduku lake la bati tukaikuta ile kaseti ya tatu, ndani ya mfuko wa kitambaa, na mwandiko wake: "Mama, Mvumi, 1987." Kaka akasema atakuja kuichukua. Nikamwambia hapana, nakuja nayo.

Nilipanda treni ya SGR asubuhi, kaseti iko kwenye mkoba, mkoba uko kifuani. Pale stesheni mizigo inapita kwenye mashine ya ukaguzi. Niligoma kidogo. Binti wa ukaguzi akaja, "Shikamoo mama, tatizo ni nini?" Nikamweleza. Akasikiliza mpaka mwisho, watu nyuma yangu wanasubiri, akasema, "Mashine haifuti kaseti, mama. Sumaku ndiyo inafuta. Ipitishe, mimi nitakuwa upande wa pili naipokea." Akazunguka kweli, akaupokea mkoba kwa mikono miwili.

Fundi wa Kariakoo amezeeka sasa. Aliifungua kaseti kwa bisibisi ndogo, akauhamishia mkanda kwenye ganda jipya, akakisafisha kichwa cha mashine kwa pamba, bila haraka. Kaka na mimi tulikaa kwenye benchi. Zilisikika kelele za mkanda kwanza, kama mvua ya mbali. Jogoo akawika. Mchi ukapiga kwenye kinu mara tatu, ukanyamaza, na mjomba, kijana bado, akasikika anasema, "Haya mama, ongea."

"Mbukwenyi," bibi akasalimu kwa Kigogo.

Kaka yangu akaitikia kwa sauti, kama tulivyofundishwa.